Shati la Kijani Ubavuni mwa Boti

Msasa aliiosha boti kwa maji ya bomba na sabuni ya unga, akianzia juu kushuka chini, kwa sababu anayeanzia chini huosha mara mbili. Ukoga ulitoka, vinyesi vya ndege vikatoka, ikabaki faiba iliyopauka kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta. Alipopitisha kiganja, kilirudi na unga mweupe. Jua lilikuwa limeila ngozi ya juu, lakini chini yake ngozi ilikuwepo bado. Ingerudi, kwa anayejua kusugua.

Watu wa karakana walimwita binti huyu Msasa kwa kazi yake, ingawa mama yake alisema ni kwa ulimi wake. Boti hiyo aliijua. Ilikuwa ikivusha watu kwenda ng'ambo mpaka siku ilipopinduka katikati ya maji, na wengi wa waliokuwemo hawakurudi. Nahodha wake alikuwa mdogo wake Msasa, kitindamimba wa mama yao. Mahakama ilisema ndiye aliyeshusha majaketi ya kuokolea ili apate nafasi ya kupakia mizigo, ikamfunga. Mwenye boti, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, aliapa kwamba siku ile hakukanyaga gatini kabisa. Nahodha aliapa kwamba alikanyaga. Lilikuwa neno dhidi ya neno, ila neno la Tajiri lilikuwa na wakili.

Mafundi wenzake walimuuliza atawezaje kumng'arishia Tajiri boti ile. Alijibu kwamba anataka kuishika. Tangu hukumu isomwe mikono yake haikutulia. Nyumbani alisugua sufuria zilizokwisha kutakata, akimaliza anaazima za jirani.

Alipiga msasa wa maji, kwanza ule mkali, kisha mlaini, kisha mlaini zaidi. Akapaka dawa ya kung'arishia na kupitisha mashine kwa miduara midogo, bila kuiacha mahali pamoja faiba isije ikaungua. Karakana ile ina kanuni yake: kazi haijaisha mpaka fundi ayaone meno yake ubavuni mwa boti. Basi alipomaliza kipande cha kwanza alikifuta, akasogea karibu, akakenua.

Aliona gati. Lilikuwa gati la asubuhi ile ya ajali, abiria wamejipanga na mabegi yao, mdogo wake yuko kwenye usukani. Tajiri, ndani ya shati la kijani, alikuwa akichomoa majaketi ya kuokolea chini ya viti na kuyatupa gatini, huku wachukuzi wakipanga kreti za soda mahali pake. Mdogo wake alitikisa kichwa. Tajiri akamdunga kidole kifuani. Kamba ikafunguliwa, boti ikaondoka, na baada ya muda asubuhi ikaanza upya, abiria wamejipanga.

"Umeacha mikwaruzo," alisema fundi wa injini, aliyekuja kuangalia huku akijifuta mikono. "Ule msasa mkali. Mambo ya zamani hupenda kukaa kwenye mkwaruzo. Rudia, halafu malizia na nta."

Alirudia ubavu mzima na kumalizia na nta. Picha ikazidi kukolea, hata vifungo vya shati sasa vilionekana, na kimoja kilikuwa kimekatika.

"Basi iache hivyo," fundi wa injini alisema. "Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha mpaka mgongo umegusa ukuta," alijibu Msasa.

Alimleta mama yake. Mama alikuwa ameacha kutoka nje baada ya hukumu, kwa kuwa dukani watu walinyamaza akiingia, wakaanza tena kuongea akitoka. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mbele ya ubavu, akamtazama mwanawe.

"Amekonda."

"Hapo ni kabla ya jela, mama."

"Najua. Nasema hata hapo alikuwa amekonda. Hakuwa akila, huyu." Alingoja mpaka nahodha akatikisa tena kichwa. "Si unaona? Mwanangu alikataa. Niliwaambia mimi." Akalia, akajifuta kwa kitambaa alichokikuta karibu. Kilikuwa kitambaa cha nta, na shavu lake liling'aa hadi jioni.

Tajiri alikuja kukagua kazi yake. Alisimama muda mrefu, kichwa upande.

"Hii bado," alisema.

"Bado vipi?"

"Leo nimevaa shati jeupe. Hapa naonekana na la kijani. Halafu nimesimama tu, ila hapa nabeba vitu."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi sibishani na ilivyokuwa, binti yangu. Naongelea polishi. Mtu akisimama hapa ajione yeye, na ajione leo."

Hakukasirika. Alitoa kitana na kujaribu kuchana masharubu, lakini yule wa kijani hakutulia.

Msasa aliweka tumaini lake lote kwa mkaguzi wa vyombo vya majini, ambaye ilibidi aje kabla boti haijarudi kazini. Mtu wa serikali angeona kwa macho yake mwenyewe. Siku ya kumngojea alizunguka karakana mpaka wenzake wakamwomba akae, akakaa, akasimama, akaanza kufuta boti isiyokuwa yake.

Mkaguzi aliizunguka boti, akaigonga kwa kifundo cha kidole, kisha akasimama ubavuni mpaka asubuhi ile ilipoanza na kwisha na kuanza.

"Huyu si Tajiri?"

"Ndiye."

"Na huyu ndiye aliyefungwa?"

"Mdogo wangu. Umeona nani anashusha majaketi?"

"Nimeona, dada. Nani asiyeona, na ulivyoing'arisha hivi?"

"Basi utasema?"

"Mimi nimetumwa kuangalia kama inavuja. Haivuji. Kesi ilishafungwa, na boti haiwezi kula kiapo." Akatia sahihi akiegemeza karatasi kwenye ubavu huohuo, juu kidogo ya kichwa cha nahodha. Kisha akauliza nta ile inauzwa wapi, kwani gari lake nalo lilikuwa limepauka.

Msasa alimwelekeza duka.

Asubuhi boti iliporudi majini, abiria walijipanga na mabegi yao. Wanawake walitengeneza vilemba vyao ubavuni, wakitafuta nafasi katikati ya vichwa vya abiria wa siku ile. Msasa alipita mstarini akiwashika mikono.

"Jamani, tazameni! Huyu hapa anayatoa majaketi!"

"Tumemwona, dada," alisema mwanamume mmoja mwenye tai. "Lakini kazini tunaingia saa mbili."

Tajiri alifika na kreti zake, safari hii naye amevaa shati la kijani. Aliinama chini ya viti, akaanza kuyachomoa majaketi na kuyatupa gatini. Ubavuni yule wa kijani naye alichomoa na kutupa, mkono kwa mkono, wala hakuna aliyemtangulia mwenzake. Nahodha mpya alitikisa kichwa. Tajiri akamdunga kidole kifuani, akageuka kujitazama, akaridhika.

"Naam," alisema. "Sasa imekaa sawa."

Mama yake Msasa, aliyekuja kumwona mwanawe kabla boti haijaondoka, aliinua macho kutoka ubavuni na kumtazama nahodha mpya.

"Huyu kijana mama yake anakaa wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Abiria walisogeleana ili wa mwisho naye apate pa kukaa, na kamba ikafunguliwa.