Bomba la Ukutani kwa Sabiha

Haya wewe, sogea nikutegee. Ni mgeni gani huyu: akija kidogo mtaa mzima unamjua, akija mzimamzima hakuna anayemtambua? Hujui. Usinipe mji bado, kaa nao kwanza. Hata mimi nilikuwa sijui, na nina wajukuu kumi na mmoja.

Kwetu Nyasho bomba la majitaka linapita chini ya uchochoro, na pale kwenye ukuta wa jirani yangu Sabiha limesimama bomba jingine la kutolea hewa, urefu wake umepita mtu kidogo. Hilo ndilo lilikuwaga linatunukia yai viza. Jua likiwaka, hata ugali haupiti kooni. Sasa wakwe wa mjukuu wangu Hyasinta wakaleta habari kwamba wanakuja kutoka Butiama. Nikajiuliza, watakula sato wangu huku wameshika pua?

Nikabeba meza yangu, nikapanda. Sabiha akanishikia miguu ya meza huku analalamika.

"Mama Magesa, hili bomba limewekwa na wenye akili zao."

"Wenye akili hawana wakwe," nikamjibu. "Nipe kitu cha kuzibia."

Akacheka, akanipa kanga yake iliyochakaa. Nikaishindilia, nikapaka simenti juu. Harufu ikakatika. Wakwe wakala mpaka wakalamba vidole, na mimi nikasahau.

Ikapita miezi minane. Asubuhi moja wakaja mafundi wawili wa majitaka, dada mmoja anaitwa Ghati na mwenzake Chrispin. Wakafunua chemba pale uchochoroni. Chrispin akajifunga kamba kifuani, ncha nyingine wakaifunga kwenye gari lao.

"Leo hakunuki kabisa!" Chrispin akasema. "Hongereni watu wa Nyasho, mnakulaga maua siku hizi?"

Tukacheka sote.

"Usishuke," Ghati akamwambia. "Ngoja nichukue kipimo cha hewa."

Hakungoja. Akakanyaga kile chuma cha kushukia, na chuma kikavunjika kama biskuti. Hakupiga hata kelele. Nilipochungulia nikamwona ananing'inia kwenye kamba, kichwa kimelala begani, macho wazi. Mungu wangu!

"Rudi nyuma, bibi! Asishuke mtu!" Ghati akapiga kelele. "Vuteni!"

Tukavuta, wanawake kwa wanaume, kama watu wanaovuta wavu wa kokoro ufukweni. Tukamlaza mbali, upepo wa ziwani unampiga. Kifua kimya. Ghati akamkandamiza, akamkandamiza, sisi tumeshika vinywa. Mwisho Chrispin akakohoa, akatapika, akaanza kulia kama mtoto mchanga. Na mimi nikalia.

Ghati akarudi pembeni ya chemba, kaziba pua na mdomo kwa barakoa yake kubwa. Akakwangua zege kwa bisibisi. Likamomonyoka kama unga wa muhogo.

"Mnaona? Hii hewa ikikosa pa kutokea inageuka tindikali ukutani. Inakula chuma, inakula zege. Na ikizidi, pua ndiyo inakufa kwanza. Mnadhani imeondoka, kumbe imejaa."

Hapo ndipo nilipopata jibu la kile kitendawili, na sikulitaka.

Ghati akainua macho, akaona simenti yangu kwenye mdomo wa bomba. Akaigonga kwa nyundo, akachomoa kanga. Ilikuwa imeoza, nyeusi, lakini ua lake kila mtu alilijua.

"Nani aliziba hapa?"

Watu wakasogea kuitazama.

"Si kanga ya Sabiha hiyo?" akasema mjumbe wetu, mzee Makongoro. "Na ukuta ni wake. Mama, umetaka kuua mtoto wa watu! Twende kituoni ukaeleze."

"Kila siku analalamikaga harufu, huyo!" mwingine akadakia.

Sabiha akavuta ushungi wake. Akanitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Hakunitaja. Mjumbe akamshika mkono.

Chrispin akajiinua kwenye kiwiko, midomo bado ina rangi ya majivu. "Jamani," akauliza, sauti kama ya mtu aliyetoka kaburini, "nani aliziba?"

"Mwachie Sabiha," nikasema. "Ni mimi."