Nashilu Ananionyesha Mji

…na hapa ni duka la Mhindi, kaka Lemburis, anauza chumvi na shanga, ananiambia mdogo wangu Nashilu, nami natikisa kichwa kana kwamba nilikuja kuulizia chumvi, miaka saba nimekuwa mpagazi wa Wadachi, nimewabebea masanduku ya risasi hadi vitani kusini, homa ikanilaza pwani, juzi nimefika nyumbani kwa miguu na leo natembezwa kama mgeni, boma lile pale nalijua, mawe yake niliyabeba mimi, lakini barabara hii haikuwepo nilipoondoka, hapa palikuwa na migomba, au ilikuwa kule… mfereji wetu ulipita upande gani? Mlima uko palepale, mbona nikishuka nao kwa macho siioni nyumba yangu, “Na pale anakaa fundi cherehani,” anasema, sawa, fundi, lakini Nanyori yuko wapi, mke wangu, aliyenifungia mahindi ya kuchoma akaniambia usikawie, jana nilimuuliza mama, akasema kula kwanza, Nashilu akadakia, kesho nitakuonyesha mji, nikadhani atanipeleka kwa Nanyori, mbona basi duka hili tulishalipita asubuhi, tunazunguka, na kila tukikaribia ile njia nyembamba yenye ua wa masale ananivuta mkono, “Huko kuna matope, kaka,” matope gani, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope… Ngoja. Amekufa? Hapana, angekuwa amekufa wangenionyesha mahali alipozikwa, tungelia, yamekwisha, wanayenificha ni mtu aliye hai, yuko nyuma ya ua ule, amewasha moto, anampikia mwanamume mwingine, waliambiwa nimekufa, na nani asingeamini, tulikwenda ishirini tumerudi wawili, alikuwa binti mdogo, angenisubiri mpaka lini, miaka mitatu, minne… hasira yangu iko wapi, naitafuta, kila nilipoota jambo hili njiani nilikuwa nayo, sasa naona tu vidole vya Nashilu vimeung’ang’ania mkono wangu, anaogopa, ananiogopa mimi, amekesha akipanga njia za kunipitisha, maskini, na mji wenyewe mdogo hivi.

“Hizi nyekundu zinatoka mbali sana,” anasema, bado tumesimama mlangoni kwa Mhindi, hazitazami shanga, ananitazama mimi, “unazionaje?”

“Zinapendeza,” nasema, naipa kisogo ile njia yenye ua wa masale. “Na kule ng’ambo ya mto, siku hizi kuna nini?”