Darasa Ndani ya Jalada la Mahubiri

"Tuanze na neno la Mungu," alisema Odessa Crutchfield sebuleni. "Naona hapa kuna mahubiri ya ndoa."

Jikoni, kisu cha keki kilimponyoka Verlene Tolbert. Kila nyumba ya mtaa ule wa Detroit ilikuwa na jalada moja la santuri ya mahubiri lisiloguswa mbele ya wageni. Wanaume walifichia humo santuri zao za vichekesho, zile za kusikilizwa Jumamosi watu wazima wakicheza karata, watoto wakishalala. Ya mumewe Cleotha ilikuwa ya daktari wa uongo anayewafundisha maharusi mambo ya chumbani. Verlene mwenyewe aliicheka mpaka machozi. Leo, kwa pilikapilika za hafla ya kumuaga bintiye Arnetta, alisahau kufunika kombe.

Na mgeni ni Odessa, mama wa bwana harusi! Mwanamke huyu hakumtaka Arnetta tangu mwanzo, na mwanawe Roscoe hanywi hata maji bila kumwuliza mama. Neno moja chafu, harusi ya Jumamosi ijayo ingevunjika.

Verlene alitoka mbio. "Dada Odessa, gramafoni hiyo mbovu!"

"Mbona inazunguka?" Odessa alikwisha shusha sindano. Kina mama wa kanisa, kofia zao kichwani, waliinamisha nyuso kwa heshima.

"Karibuni darasani," ilisema sauti nzito. "Waliofeli mwaka jana, kaeni mbele."

Kicheko cha ukumbi kikalipuka ndani ya santuri.

"Wewe bwana, zima taa baada ya kuvua soksi, si kabla. Na muulize mkeo kama anaogopa. Akisema haogopi, muulize tena, maana na wewe unaogopa!"

Odessa alisimama, shingo imekakamaa. "Verlene! Ndiyo malezi ya nyumba hii? Asiyefunzwa na mamaye..."

Verlene alinyoosha mkono kuizima. Arnetta akaudaka.

"Usizime, Mama."

"Arnetta, nitakuchapa mbele za watu!"

"Nichape. Nimekuuliza mara tatu, ukaniambia nitajua mbele ya safari. Safari ni Jumamosi." Hakuuachia mkono wa mamaye. "Naogopa, Mama. Silali. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba na Roscoe anaogopa."

Aibu hii ilimchoma Verlene kuliko ile ya santuri. Alicheka na majirani miaka yote hiyo, lakini yeye hakumwambia kitu mwanawe wa kumzaa. Daktari aliendelea kufundisha, hakuna aliyemzima, mpaka sindano ikaanza kukwaruza mwishoni.

Odessa alivua glavu zake nyeupe, kidole kimoja kimoja. Verlene alingoja atafute mkoba aende zake.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema Odessa, bila kumtazama mtu. "Mama alinipa Biblia na shuka jipya, basi. Usiku wa harusi nikajifungia bafuni mpaka asubuhi. Marehemu mume wangu alikaa nje ya mlango, naye analia. Hatukuwahi kulizungumza, miaka ishirini na tisa."

Alikwenda kuketi kwenye kochi, karibu kabisa na Arnetta, akamshika mkono.

"Verlene, unangoja nini? Geuza upande wa pili."