Dakika Mbili za Kuitikia

Kaisu Rantala alihitaji nane. Si saba, si saba na nusu. Chuo chake kule Finland kilikuwa kimemwandikia waziwazi: akipata nane kati ya kumi katika mtihani wa historia ya uchumi, mwaka wake wote katika mji wa Rosario utahesabiwa, akikosa, arudi akauanze upya. Wageni wenzake walikwenda zao kuandika insha nyumbani, maana walimu wa Rosario huwaonea wageni huruma na kuwaondolea mtihani wa mdomo. Kaisu huruma hiyo hakuitaka.

"Nitakaa mezani kama wenyeji," alisema, na waliomsikia wakatazamana.

Kukaa mezani si mchezo. Unaketi mbele ya walimu watatu, unachota mpira mdogo wa mbao kutoka kwenye kikapu cha waya, na namba iliyoandikwa juu yake ndiyo mada yako. Hapo huna karatasi wala kalamu ya kukuokoa. Una mdomo wako tu.

Kusoma hakukumsumbua, vitabu alikuwa amevimaliza vyote, hata vile ambavyo wenyeji huviruka. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine, na doña Nélida, mwenye nyumba aliyopanga, aliugundua Jumapili ya kwanza tu. Siku hiyo watu wanane walikuwa wamezunguka sinia la ravioli, wote wanaongea kwa pamoja, na Kaisu alikuwa ameshika uma wake kimya. Kwao Oulu mtu akizungumza unamwacha amalize, kisha unatulia kidogo kwa heshima, ndipo unasema lako. Kwenye meza ya doña Nélida kituo cha namna hiyo hakijapata kutokea tangu nyumba ijengwe.

"Wee binti, mbona umenyamaza kama umemwagiwa maji?"

"Nasubiri don Rubén amalize."

Meza nzima ikaangua kicheko. Doña Nélida akajishika kifua. "Rubén amalize? Mwanangu, huyu kanioa mwaka wa thelathini na nane huu, na mimi bado nasubiri!"

"Sikiliza na wewe," don Rubén akamwambia Kaisu, mchuzi ukimning'inia kwenye masharubu. "Ukiniacha niongee peke yangu nitadhani nimekuchosha. Nikatize, mama! Nikatize nijue tuko pamoja."

Basi Kaisu akajifunza. Mwanzoni aliingilia maneno ya watu huku uso umemwiva, akiomba radhi kabla na baada. Akakatiza habari za mpira, akakatiza habari za siasa, akathubutu hata kumbishia doña Nélida juu ya chumvi ya mchuzi, jambo ambalo watoto wa kuzaa wa mama huyo hawaligusi. Ilipofika Novemba don Rubén alianza kulalamika kwamba mgeni hampi nafasi hata ya kumeza. Kaisu akajiona ameiva, na kweli alikuwa ameiva, ila kwa meza ya chakula tu. Meza ya walimu aliihesabu kuwa kitu kingine. Mwalimu ni mwalimu, alijiambia.

Asubuhi ya mtihani joto lilikuwa la Desemba hasa, feni ikikwaruza darini bila faida. Profesa Etchart, mama wa miaka sitini mwenye miwani ya kamba, alikaa katikati. Kulia kwake mwalimu kijana mwenye ndevu, kushoto mzee mmoja mnene aliyekuwa akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha chai chungu ya kienyeji iitwayo mate na kuwapitishia wenzake. Kaisu alichota mpira. Namba tano: reli na ngano. Moyo ukamruka kwa furaha, maana mada hiyo aliijua nje ndani.

Akaanza vizuri. Alieleza ilivyojengwa reli ya kutoka Rosario hadi Córdoba, na ilivyokamilika mwaka 1870. Hapo Etchart akamkata.

"Ndiyo, ndiyo. Na ilipokamilika ikakuta wakulima wameshajaa njia nzima, ngano imewakaukia mikononi, wanangoja mabehewa tu. Sivyo?"

Sivyo hata kidogo, na Kaisu alijua. Lakini aliyesema ni profesa, na kichwa cha Kaisu kikajiinamia chenyewe. Akaitikia. Etchart akaendelea, akaongeza maghala, akaongeza masoko, akajenga nchi nzima ya ngano ambayo haikuwapo. Kaisu akaitikia tena, akisubiri amalize. Mwenye ndevu akatazama dirishani. Mzee mnene akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake.

Ni karatasi ile iliyomzindua. Wanaandika kwamba sijui, alijiambia, na hasira zikampanda, zote dhidi yake mwenyewe.

"Hapana, Profesa."

"Sijamaliza, binti..."

"Na mimi sijaanza!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Wakulima gani hao? Ardhi ya kandokando ya reli ilikuwa tupu. Kampuni ya reli ndiyo iliyopewa ardhi ile, ndiyo iliyowaleta Waswisi wakailime!"

"Walikuwapo wengine kabla yao."

"Wachache, tena mbali na njia! Kama ngano ilikuwa imejaa, mbona nchi hii ilikuwa bado inanunua unga kutoka nje?"

Mzee mnene akaweka kibuyu chini. "Unga wa nje ulikuwa ukiliwa Buenos Aires," akaingilia.

"Buenos Aires si nchi hii?"

"Usimuulize hivyo mtu wa Rosario!" mwenye ndevu akadakia, maana miji hiyo miwili haipikiki chungu kimoja, na baada ya hapo hakuna aliyemngoja mwenzake. Waliongea wanne kwa mpigo. Kaisu alipiga meza kwa kiganja, akataja miaka, akataja makoloni ya walowezi, akarudishiwa hoja akazirudisha. Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni walichungulia mlangoni kuona nani anagombana. Dakika ishirini zilipita, na Kaisu alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata darasani.

Mwishowe Etchart akavua miwani. "Umeijua mada. Saba."

Kaisu akaegemea meza. "Saba kwa nini?"

"Kwa sababu nilisema upuuzi dakika mbili nzima, nione utafanyaje, nawe ukawa unaitikia tu."

Alikuwa na barua ya chuo mkobani. Angeweza kuitoa, akaeleza shida yake, akaonewa huruma. Hakuigusa.

"Profesa, hiyo si haki. Hizo mbili za kuitikia umezihesabu. Ishirini za kukukatalia kazihesabu nani?"

Etchart akafungua mdomo.

"Sijamaliza," Kaisu akasema. "Kosa langu nimelirekebisha mwenyewe, hapahapa, mbele yenu. Hakuna aliyenisaidia. Mwanahistoria anayejisahihisha mnamkata alama?"

Mzee mnene akamtazama mwenye ndevu, mwenye ndevu akainua mabega. Etchart akakivuta kitabu cha alama, akaandika nane, akaweka sahihi.

"Toka," akasema, "kabla hujanifikisha tisa."