Nywele za Shutu

Kitendawili. Nina mjukuu ambaye ni mkongwe kuliko babu wa babu yangu, na meno ya utoto bado hayajamtoka.

Mkishindwa nipeni mji, lakini msinipe Majoreni. Majoreni tulishapewa, na nitawaambia ilikuwaje.

Jibu ni Shutu. Zamani sana, zamani ambayo hata waliosoma hukohoa kwanza kabla ya kuitaja, kuna mtu alifia pangoni. Watu wa kituo kimoja kilichojengwa nyuma ya ukuta mrefu kule Majoreni waliupata mfupa wake. Wakatoa ndani yake kitu kisichoonekana kwa macho, na mwisho wa kazi zao wakakiweka tumboni mwa Hasina, binti yangu kitindamimba. Hasina aliambiwa anawabebea watu wasiojaliwa kuzaa. Alipokwisha kujifungua ndipo wakamwambia ukweli: huyu hana baba wala mama aliye hai, huyu ametoka katika mfupa.

Mimi niliishia shule ya msingi. Nilimwuliza daktari wao, "Mfupa huzaa?"

"Hauzai, Bibi. Ni kama kumrudia mtu yuleyule."

"Kama vile mtu akate kipande cha mti wa muhogo, akipande, uote muhogo uleule?"

Akaniangalia kidogo. "Ndiyo. Hivyo hivyo."

Kule kituoni mtoto alikataa chupa, akalia hata sauti ikamkauka. Nikimpakata mimi, ananyamaza. Basi wakanipa nimlee kwangu Gazi, na Hasina akaenda zake Omani kufanya kazi, kila Ijumaa anapiga simu. Lakini kulikuwa na sharti. Daktari huyohuyo, Kaindi, mwanamke wa Kikamba mwenye sauti laini, alilisema mbele yetu sote: Shutu atakaa kwangu maadamu yuko salama. Siku atakapokuwa hatarini atarudi nyuma ya ukuta, na huko atakaa mpaka awe mtu mzima. Sharti hilo nililimeza kama kidonge bila maji, na tangu hapo sikulala usingizi wa watu wengine.

Kwa maana hatari, kwa mtoto kama yule, huanzia midomoni mwa watu. Alipoota jino la juu kabla ya la chini, wanawake waliokuja kumtazama walinyamaza ghafla, mmoja mmoja akakumbuka chungu alichoacha jikoni. Kigego, mtoto wa nuksi! Hawakulisema neno, lakini nililiona likitembea kwenye nyuso zao. Alipokua, kipaji cha uso wake kikajitokeza juu ya macho kama kibaraza, na kidevu hakikuja. Mikono yake ina nguvu, kifuu cha nazi anakipasua kwa jiwe kama mtu mzima. Mvua huijua kwa pua kabla wingu halijaonekana. Nilipompeleka chuoni kusoma Kurani, watu walimfuata Maalimu Abdurahman wakamwuliza kama inafaa. Maalimu akawajibu, "Ana ulimi? Basi na asome." Wakanyamaza, lakini mtu akinyamaza si kwamba ameridhika.

Na jirani niliyemwogopa kuliko wote alikuwa Kadzo.

Kadzo ni mjane, anashona makuti, uani kwetu tumetenganishwa na ua wa miti tu. Tuliwahi kugombana juu ya kuku, akakaa mwaka mzima bila kuniamkia. Na mama yake, Mungu amrehemu, watu walimsemasema kwa uchawi. Lakini hakuna mkono wa kusuka kama wake hapa Gazi. Nywele za Shutu ni nzito, zimejikunja kama nyuzi za kumbi za nazi, chanuo langu lilivunjika humo. Kadzo ndiye aliyejitolea mwenyewe kumsuka kila Jumamosi, na hakutaka chochote. Hapo hapo nikaanza kujiuliza: mtu aliyeninunia mwaka mzima, leo amependa nini kwangu?

Tulikuwa tukikaa kibarazani, Shutu katikati ya magoti ya Kadzo, mimi nikichambua mchele, tukitegana vitendawili. Shutu alivipenda kuliko halua. Akishindwa hutoa mji mmoja tu, kila mara, "Nakupa Gazi!" Kadzo humcheka, "We mtoto bahili, huna mji mwingine?"

Jumamosi moja, baada ya kusuka, nilimwona Kadzo akikusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo. Akazikunja zikawa kidonge, akatazama huku, akatazama huku, akazifunga kwenye pindo la leso. Kisha akaaga.

Nikauweka ungo chini. Msukaji akimaliza, nywele zilizotoka humpa mwenye kichwa au mama yake. Hilo hatufundishwi, tunazaliwa nalo. Anayeondoka na nywele za mtoto wa watu anaondoka nazo kwa kazi gani?

Jumamosi iliyofuata nikatazama tena. Pindo la leso, na vipande vya kucha alizomkata pia. Nikaanza kuyaunganisha: Shutu alikohoa juzi, Shutu hakumaliza uji. Kila kitu kikawa na Kadzo ndani yake.

Siku ya Jumatatu Daktari Kaindi akaja kama kawaida yake. Yeye hana shikamoo, hutoa mkono na kusema, "Habari ya asubuhi, Bibi." Lakini hakuja mikono mitupu hata siku moja: leo mswaki mpya wa Shutu, leo kofia, leo chanuo jipya. Cha zamani hukichukua, anasema kina uchafu. Nilimkaribisha chai na mahamri, akaniuliza mbona nimepungua. Sauti yake laini ikanifungua. Nikamwambia yote, Kadzo na nywele na leso.

Hakucheka. Nilidhani atacheka, waliosoma hucheka mambo haya. Aliweka kikombe chini polepole.

"Bibi, hii ni siriasi. Una jirani anayetaka kumdhuru mtoto."

"Sina hakika, mwanangu. Nashuku tu."

"Umeona kwa macho yako. Basi Shutu hayuko salama hapa." Akasimama. "Alhamisi nitakuja na gari. Mwandalie nguo zake."

Nilibaki nimekaa pale, mahamri yamepoa. Nilikuwa nimemtafuta mwizi nje, nikamfungulia mlango wa ndani kwa mkono wangu.

Nikainuka na hasira, na kwa kuwa hasira haiwezi kurudi kwa mwenyewe, nikaenda nayo kwa Kadzo. Sikubisha hodi.

"Kadzo! Nywele za mjukuu wangu ziko wapi?"

Alikuwa ameketi na makuti yake. Hakuinua kichwa. "Nawe shikamoo."

"Usinichezee! Nimekuona. Na kucha pia. Umezipeleka kwa mganga gani?"

"Mganga!" Akaangua kicheko kikavu. "Bi Hadiya, mimi hata kichwa kikiniuma sina pesa ya Panadoli, nitampa mganga nini? Makuti?"

"Basi ziko wapi?"

Akaniashiria kwa kidevu. Jikoni kwake, kando ya mafiga, palikuwa na kigae cha chungu kimejaa majivu meusi, na harufu ile ya nywele zilizoungua ambayo haifichiki.

"Nazichoma," akasema. "Zote. Na kucha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe hutaki kuona." Sasa akaweka makuti chini, akanikazia macho. "Wewe si ndiwe uliyetuambia habari ya muhogo? Kwamba huyu mtoto walimtoa kwenye mfupa kama kipande cha muhogo? Haya. Mfupa mkavu uliokaa pangoni umewapa Shutu. Nywele mbichi zenye mizizi zitawapa nini? Shamba zima!"

"Nani atakayezichukua?"

"Ala! Nani anayebadilisha chanuo kila akija? Chanuo la mama yangu lilimchana mpaka akafa, nami nalitumia. Lakini yule daktari wako, chanuo halijafika mwezi, 'lina uchafu, Bibi,' analitia kwenye mfuko wa nailoni, anaufunga hivi, kama mtu aliyebeba yai. Uchafu hubebwa hivyo?"

Nikakumbuka mswaki. Nikakumbuka kofia. Nikakaa juu ya kumbi zake.

"Mbona hukuniambia, Kadzo?"

"Nikwambie wewe? Ulikuwa ukimmiminia chai. Na mimi ndiye mtoto wa mchawi, ungemwamini nani?" Akavuta kamasi, akageuza uso. "Nikaona heri nichome kimya kimya, nipunguze mavuno."

Nilimwambia la Alhamisi, kwamba nimemsema kwa daktari na gari linakuja. Nilidhani atanifukuza. Akachukua kuti jingine, akasema, "Una mdomo mpana kama ungo. Haya, kamwoshe mtoto nywele. Alhamisi nitamsuka."

Basi Alhamisi gari jeupe liliposimama, Daktari Kaindi alitukuta kibarazani. Shutu katikati ya magoti ya Kadzo, kichwa nusu kimesukwa nusu kimefumuka, mimi kando yao na chupa ya mafuta ya nazi. Wanawake wawili wa jirani walikuwapo pia, Kadzo aliwaita makusudi.

Daktari alitazama, akakunja uso. "Bibi, huyu si ndiye uliyeniambia?"

"Ndiye. Nilimdhania vibaya. Karibu uketi."

"Hatuwezi kufanya hivyo, leo hivi kesho vile. Ulisema mtoto yuko hatarini. Ukisema hivyo, mimi lazima nimchukue." Sauti bado laini, lakini hakuketi. "Nguo zake ziko wapi?"

"Mwache kwanza amalizwe kichwa. Utamtoa mtoto nje kichwa nusu? Utaniaibisha."

Daktari akatazama saa. Akakalia ukingo wa mkeka, mfuko wake mapajani. Nami nilikuwa sijui la kufanya nywele zitakapokwisha. Nawaambia kweli, nilikuwa nikimwomba Mungu amzidishie mtoto kichwa.

Shutu akainua uso. "Daktari, kitendawili!"

Daktari akatabasamu. Nadhani alifurahi kupata mahali pa kuweka macho. "Tega."

"Shamba langu hulimwa Jumamosi, mavuno huyachukua mgeni."

"Hm. Mpunga?"

"Sio!"

"Ndege? Basi sijui."

"Toa mji!" wakasema wanawake pamoja, wakipiga makofi.

"Mji? Haya." Akatazama gari. Hakufikiri, alitaja ulio karibu na ulimi. "Nakupa Majoreni."

Nyie mnajua desturi. Aliyepewa mji lazima aueleze: alikwenda, wenyeji wakamlaki, akala, akanywa, ndipo aseme jibu. Shutu alijinyoosha kama Maalimu wake, akaweka mikono magotini.

"Nimekwenda Majoreni. Wenyeji hawakunilaki. Wamenipima kichwa, wamenipima meno, wameniacha chumbani. Nimesikia harufu ya mtu, nimeifuata. Nimekuta mtoto mchanga ndani ya sanduku la kioo. Harufu yake ni yangu. Uso wake ni wangu. Nimempungia mkono, hajui bado kupunga, ni mdogo. Hakuna aliyempakata. Nimerudi Gazi kwa bibi. Jibu lake ni nywele zangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Chanuo la Kadzo lilikuwa limesimama hewani.

Nilikumbuka kweli walimchukua kumpima mwezi wa Ramadhani uliopita, akarudi akiwa na homa ya kimya. Nilimwuliza umeona nini, akasema, "Mtoto." Nikadhani anasema habari zake mwenyewe.

"Daktari," nikasema, "Shutu amesema uongo?"

Akauvuta mfuko wake karibu. "Watoto huota mambo, Bibi."

"Huyu haoti. Huyu ananusa," Kadzo akasema.

"Hasina alikubali kumbeba mmoja," nikasema mimi. "Na mimi nimekubali kumlea mmoja. Huyo wa pili mlimwomba nani? Kesho ni Ijumaa, Hasina anapiga simu. Nimwambie nini? Nao hawa wawili wana midomo, na sokoni Msambweni watu wana masikio. Utamchukua Shutu kwa sababu Kadzo amechukua nywele? Sawa. Na aliyechukua chanuo, yeye tumpeleke nyuma ya ukuta upi?"

Mwanamke mmoja akasema polepole, "Subhanallah," na mwingine akavuta mtandio mdomoni. Daktari aliwatazama wote wawili. Nilimwona akipima, kama anavyopima meno ya mjukuu wangu, jambo gani ni zito zaidi.

"Sikuja kwa ugomvi," akasema hatimaye. "Kama mmepatana, basi... nitasema pale kituoni kwamba nyumba iko salama. Shutu abaki."

"Abaki mpaka lini?"

"Abaki, Bibi."

"Umesikia mwenyewe," nikawaambia wale wanawake, na wote wakaitikia. Neno lililosikiwa na wanawake watatu wa Gazi haliwezi kufutika tena.

Akainuka. Hakuomba chanuo. Nami nikamwambia, "Na yule wa kioo, mwambieni ana bibi. Atakapochoka na chupa mleteni, mapaja yangu ni mawili."

Alikuwa amekwisha kushuka kibaraza Kadzo alipomwita. "Daktari, subiri!" Akamfuata, mzee wa watu anachechemea, akamshika mkono wa koti. Akachomoa pale juu ya kifungo unywele mmoja mweusi, mzito, umejikunja kama uzi wa kumbi.

"Umebeba kitu chetu," akasema.

Akarudi nao ameubana kwa vidole viwili, akapita hapo mbele yetu, akautia kwenye jiko la makaa lililokuwa likichemsha chai. Ukalia *chss*. Shutu akakunja pua.

"Bibi," akasema, "kichwa changu bado nusu."