Rubani Mwenye Nidhamu

Rubani wangu alikatazwa kukaidi. Tatizo ndilo hilo, sina haja ya kulizungusha. Niliandika riwaya ya safari ya anga: chombo kina abiria arobaini, injini inavuja, nahodha anaamuru waendelee kwa sababu tajiri mwenye chombo anataka mzigo wake ufike mapema. Sura ya mwisho, rubani, msichana mdogo tu, anazima injini. Abiria wanapona.

Wazo la kuzima injini halikuwa langu. Mimi ni mpaka rangi magari, na jioni nikisugua mikono kwa mafuta ya taa nilikuwa namsimulia binti yangu, kitindamimba, hadithi hiyo. Hapo kwenye injini nilikwama. Yeye ndiye aliyesema, "Baba, si azime tu?" Nikamwahidi itaandikwa hivyo hivyo.

Katika kampuni ya vitabu, meneja wa mauzo alinikaribisha kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Nadhani ni cha waandishi.

"Kaka, kitabu kitamu," akasema. "Ila utamu hauuziki. Kinachouzika ni kitabu cha shule, na kamati ya shule haitapitisha mtoto anayemkaidi mkubwa. Rubani atii."

"Akitii, dada, wote wanakufa."

"Ah, wasife. Vifo navyo kamati haivitaki."

"Na injini inayovuja?"

"Itaacha kuvuja."

"Itaachaje?"

Akafikiri kidogo, maana ana shahada. "Kwa sababu ya nidhamu."

Mimi shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo sikujua kwamba nidhamu inaziba matundu. Ningejua, gereji tusingenunua gundi.

Hakuishia hapo. Viumbe wa sayari ya mbali, ambao nilikuwa nimeandika hawana miili, wakavishwa sare. Kila sura ikapachikwa maswali ya marudio. Kwenye jalada, neno "sayansi" likawa kubwa kama bango na neno "riwaya" likawa dogo kama sisimizi, ili mzazi mwenye haraka asije akagundua ananunua hadithi.

"Nikikataa?"

"Panya wa ghala letu nao ni wasomaji wazuri tu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, kaka."

Nikainama. Nikatia sahihi. Mtoto atasahau, nikajiambia.

Kamati ilikipitisha kitabu kwa kukisifu sana, hasa ile injini. Muhula uliofuata kikaingia darasani kwa binti yangu. Kwenye mtihani wakaulizwa: "Kwa nini rubani alimtii nahodha?" Akajibu: "Hakumtii. Alizima injini." Mwalimu akamkata alama zote kumi kwa kalamu nyekundu na kumwandikia pembeni: "Soma kitabu."

Akanifuata gereji na karatasi yake.

"Baba, nani alimwambia atii?"

"Kampuni, mama."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilitia sahihi."

"Haya." Akaikunja karatasi, akaondoka. Afadhali angelia.

Kitabu kimeshachapwa mara ya tatu, na meneja siku hizi ananiita mwalimu. Nyumbani, jioni nikianza kusimulia, binti yangu hujibu bila kuinua kichwa kwamba ana kazi ya shule. Gharama ni hii: rubani mmoja, sura ya mwisho, alama kumi za mtoto, na msikilizaji mmoja.