Swali la Nne

…na hata kama zinauma, ziume, miaka kumi na tisa ameshona na sindano imeshamwingia mpaka chini ya ukucha, hivi vijisindano vya kwapani vitamfanya nini, amelala chali kwenye kitanda cha kliniki, mikono nyuma ya kichwa, makwapa nje kama kuku aliyenyonyolewa, nesi ameyapaka dawa ya kahawia kisha akayanyunyizia unga mweupe, penye jasho patageuka peusi, amesema, ndipo daktari ajue pa kuchoma, usishushe mikono, na fundi nusura acheke, eti mpaka unga ndio uwaambie anatoka jasho wapi, si wangeziuliza blauzi zake… "Dawa inazuia mishipa isiziamshe tezi za jasho," nesi anasoma karatasi, "nguvu zake zikiisha baada ya miezi kadhaa unarudi tena, panaweza kuuma, kuvilia damu, wengine hutoka jasho zaidi sehemu nyingine…" asome tu, Kitinda hakuvilia damu wala nini, Kitinda mdogo wake, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni wakigombania upande wa dirisha, wote wawili wamerithi jasho la baba, ambaye akikupa mkono unajifuta kwa siri, Kitinda alichomwa hapa hapa miezi miwili iliyopita akatoka mkavu, wiki iliyofuata kaja dukani na kitambaa cha hariri, cha kijivu, rangi isiyositiri hata tone moja, akasema, "Dada, safari hii nibane kwapani, na ile bitana ya ziada usiweke, haina kazi tena," kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa, na yeye ndiye aliyemwekea bitana mbili kwapani kwenye kila gauni tangu Kitinda yuko shuleni, siri yao wawili, hakuna fundi mwingine aliyeijua, akasema sawa, akakata, mkasi ukiwa mzito mkononi, akaombea, Mungu amsamehe, aliombea jasho lirudi.

Halafu yale mahafali ya binti yake, binti yake mwenyewe, siku ambayo ilikuwa yake, amebana viwiko mbavuni tangu asubuhi ndani ya gauni jeusi, na Kitinda ananyanyua mikono yote miwili kupiga picha, kijivu kikavu, na mume wa fundi anasema, "Shemeji leo kapendeza," basi, maneno matatu, hayana ubaya, mtu mwingine angeyasahau kabla ya soda kuisha, yeye amelala nayo, ameamka nayo, amepiga nayo pasi… "Na hili ndilo kubwa," nesi anasema, "mwenye ugonjwa wa misuli kulegea, kope kuanguka, kuona vitu viwiliviwili, shida ya kumeza, dawa hii inaweza kumlegeza zaidi, hata kupumua kukawa taabu. Ni nadra, ila ndiyo maana tunauliza. Swali la nne, umejaza hapana. Ni sawa, mama?"

"Sawa."

Nesi ametoka kumwita daktari, mlango umejifunga wenyewe taratibu, na dari ina doa la maji lenye umbo la kola… sawa, amesema sawa, ni taa tu, taa ya dukani mbaya, ndiyo maana ikifika alasiri sindano inakuwa na matundu mawili na hajui uzi aupitishe lipi, ndiyo maana wateja wa vifungo siku hizi anawaambia waje asubuhi, asubuhi jicho la kushoto liko wazi kabisa, kila fundi huchoka macho, na Kitinda naye amepiga simu alfajiri, "Dada, umewaambia habari ya jicho?" "Jicho gani?" "Hilo la kushoto, linalolala jioni. Na juzi maji yamekupalia mara mbili. Waambie, dada," akamkatia simu, akajua papo hapo, anataka abaki mkavu peke yake, kikulacho ki nguoni mwako, akaja mbio kliniki kama mtu anayewahi nafasi yake isichukuliwe… lakini jicho hakumwambia mtu. Hakumwambia hata mmoja. Mumewe hukaa naye meza moja kila jioni, uso kwa uso, na kinachomtoka ni nipe chumvi. Kitinda aliliona wapi, lini, wao huonana… siku ya kujaribu gauni, jioni ile, yeye fundi amepiga magoti na pini mdomoni anapanga upindo, akainua uso akamkuta Kitinda anamtazama, akadhani anaringa, akainamia pini zake, kioo kilikuwa pale pale, kirefu, Kitinda ndani ya hariri kwa mara ya kwanza maishani mwake, angeweza kujitazama mpaka achoke, na alikuwa anatazama chini, kope la dada yake.

Wivu haujaondoka, umekaa kifuani pale pale ulipokaa, hariri ile bado anaitaka, bado anataka kunyanyua mikono mbele ya watu na mumewe aone… lakini sasa kuna kitu kingine kimekaa pembeni yake, na hicho kinauma zaidi. Makwapa yamegeuka meusi yote mawili, anayahisi bila kuyaona. Nje kuna viatu jozi mbili vinakuja, vya nesi na vya daktari. Mikono bado iko nyuma ya kichwa, hajaambiwa aishushe.

"Nesi," anasema kabla mlango haujafunguka vizuri, "ile karatasi bado unayo?"